Sikukubali Ifutwe

Mama alipigwa na kiharusi akiwa anakaanga vitunguu jikoni kwake, mjini Koboko, Uganda. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mguu ukawa mzito, na maneno yakakwama. Akili ilibaki vilevile. Hilo ndilo watu walishindwa kulielewa. Walikuja kumwona, wakaketi karibu naye, kisha wakaniuliza mimi: "Anakula? Analala? Anajua mimi ni nani?" Mama aliwatazama tu. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto katika kambi za jeshi, akimfuata baba kila alikohamishwa. Sasa anazungumziwa kama mtoto mchanga.

Nesi mmoja wa mazoezi kule Arua ndiye aliyenipa wazo. Aliniambia nitafute tableti, hata iliyotumika, niweke picha ambazo mgonjwa akizigusa, sauti inatoka. Nikaitafuta. Kila jioni nikifunga duka langu la kuuza na kushona vitenge, tuliketi mimi na mama tukachagua. Nilipiga picha kikombe chake mwenyewe, godoro lake, ndala zake, mlango wa mbele. Nikarekodi kwa sauti yangu. Kwenye kikombe nilisema, "Naomba maji, tafadhali." Mama akatikisa kichwa. Nikarekodi upya: "Naomba maji." Akatikisa tena. Mwisho nikasema, "Leta maji," naye akaridhika. Hakuwahi kuwa mtu wa kuomba.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kiganja chake cha kushoto, kimeinuliwa. Ukiigusa inasema: "Sitaki."

Kisha tableti ikaanza wazimu. Inawaka, inaonyesha alama ya kampuni, inazima, inawaka tena. Niliichaji, nikaiacha ipoe, nikabadilisha hata waya. Wapi. Mama aligonga kioo kwa kidole, alama ikampita, giza, alama tena. Siku ya pili aliisukuma pembeni akageukia ukutani, na chakula hakugusa.

Wiki hiyohiyo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akapiga simu kutoka Adumi. Alisema ukoo utakutana Jumamosi. Mama, shemeji yake, angehamia kwake, apate hewa na watu wa kumwangalia, na nyumba ya Koboko, kwa kuwa iko barabarani, ingepangishwa kwa mfanyabiashara.

"Mama amesema anataka?" nikauliza.

"Nilimuuliza siku ile nilipokuja. Hakukataa."

"Baba mdogo, hakukataa kwa sababu hawezi kusema!"

"Basi, binti yangu, sisi wenye mdomo tutasema kwa niaba yake."

Nilikata simu. Asubuhi nilimwacha mama na jirani, nikapanda taksi ya kwanza kwenda Arua, tableti nimeifunga kwenye kanga ndani ya mkoba.

Fundi wa kwanza alikuwa na duka lenye vioo na taa nyingi. Aliishika tableti muda wa kuangalia saa, akasema, "Mama, hii tunaflashi tu."

"Ukiflashi, vitu ya ndani itabaki?"

"Hapana. Yote inaisha. Inakuwa kama mupya."

"Mimi sitaki mupya. Nataka vitu ya ndani."

Akacheka. "Picha tu, mama. Utapiga zingine. Au niuzie, nitoe vipuri, wewe nunua ingine. Hii iko imekufa."

Jamaa waliokuwa wakingoja simu zao wakacheka pamoja naye. Ningeweza kumweleza kuhusu mama, lakini kitu kilinikatalia. Nilinyoosha mkono. "Lete kitu yangu." Alichelewa kidogo, nikasema tena, kwa sauti ambayo baba aliitumia kwa makuruta. Akaleta.

Nilizunguka mitaa ile hadi jua likawa kali. Mwingine alisema ni betri, ila betri ya aina ile haipo. Mwingine aliiangalia akasema niende Kampala. Nilikuwa na njaa na hasira, na hasira ndiyo iliyonibeba. Ningefika Kampala kama ingebidi, lakini Jumamosi isingeningoja.

Nyuma ya soko nikamkuta fundi wa Kikongo, mwanamume wa makamo, meza yake imejaa simu zilizofunguliwa. Nilimwambia kabla hata sijaketi: "Usifute kitu. Fungua hapa, mbele ya macho yangu. Ukishindwa, funga, nitaenda."

Akaniinulia macho. "Ndani kuko nini?"

"Mdomo ya mama yangu," nikasema, kisha nikamweleza. Hakucheka. Alisogeza simu nyingine pembeni.

Aliifungua mgongo kwa kipande chembamba cha plastiki, polepole, akizunguka kingo zote. Akaigusa betri. "Haijavimba." Akachomoa utepe mwembamba wa kitufe cha kuwashia, halafu akagusanisha sehemu mbili ndogo kwa koleo lake. Tableti ikawaka. Alama ikatokea. Alama ikaondoka, na mahali pake pakaja picha: kikombe, godoro, ndala, kiganja.

Tukaingoja. Haikuzima.

"Mama, haiko mubaya," akasema. "Ni hii kitufe. Imekwama. Inafikiria mutu iko anaifinya saa yote, njo maana inazima na kuwaka." Akakwangua kwa sindano, akanionyesha ganda jeupe lililokauka. "Hii ni nini?"

Nikacheka hadi machozi yakanitoka. Ulikuwa uji. Mama alikunywa uji na tableti mapajani, aweze kuniagiza sukari. Fundi alikisafisha kitufe kwa spiriti, akarudisha utepe, akanifinyia mara kadhaa nione. Kabla sijaondoka niligusa kiganja. "Sitaki," sauti yangu ikasema pale sokoni, na fundi akasema, "Eeh, huyo mama iko mukali."

Jumamosi watu wa ukoo wakaja kwa mama. Baba mdogo alikaa kiti cha mbele, akaanza kueleza jinsi chumba kilivyokwisha kupakwa rangi. Nikamwekea mama tableti mapajani.

"Hiyo ya nini tena?" akauliza.

"Mwenye nyumba ana neno," nikasema.

Mama aliinua kidole. Kikatua pabaya. "Leta maji," tableti ikasema. Mtu mmoja akacheka chinichini, baba mdogo akatabasamu na kunyanyuka ili aendelee. Mama hakumtazama. Alisogeza kidole taratibu, akabonyeza kiganja. "Sitaki." Akabonyeza mlango wa mbele. "Hapa ni kwangu." Kiganja tena. Na tena. Alibonyeza mpaka baba mdogo akaketi.

"Hiyo ni sauti yako wewe," akaniambia. "Umeipanga."

"Sauti ni yangu. Kidole ni cha nani?"

Shangazi, dada mkubwa wa baba mdogo, alisogea akapiga magoti mbele ya mama, wa kwanza tangu ugonjwa ule kumuuliza yeye mwenyewe: "Wifi, unataka kubaki?" Kwenye picha zetu hatukuwa na ya kusema ndiyo. Hatukuwahi kuifikiria. Mama alimshika shangazi mkono kwa mkono wake mzima, akaitikia kwa kichwa, na kikao kikaishia hapo, chakula kikapakuliwa.

Baba mdogo bado anasema nilimsemea mama kwa mashine. Aseme. Mama yuko nyumbani kwake, nami nimehamishia cherehani chumba cha mbele ili niwe karibu. Tableti tumeishonea mfuko wa plastiki, na uji anaunywea mezani. Mwezi huu ametoa neno la kwanza kwa mdomo wake mwenyewe. Kuku aliingia sebuleni, akapanda juu ya kitambaa cha mteja, na mama, kutoka kitini kwake, akapiga kelele: "Toka!" Kuku alitoka. Mimi nilibaki mlangoni na mkasi mkononi, nikimwomba aseme tena.