Siku Budin Alipoukataa Mnazi

Mek Esah hajawahi kukwea mnazi hata mmoja, lakini kwa miaka ishirini na minane nazi ndizo zilizomlisha. Mkwezi wake ni nyani. Huyu wa sasa anaitwa Budin, dume la mkia mfupi, na kila asubuhi baada ya swala hukaa nyuma ya pikipiki ya mama huyu, kamshika kiuno kama mkwe anayepelekwa sokoni.

Kazi ya mwenye nyani ni kushika kamba. Ncha moja iko kwenye ukosi wa mnyama, nyingine mkononi. Ukiivuta hivi, anajua hilo ni dafu, aliache. Ukiitikisa vile, anaizungusha nazi mpaka kikonyo kinakatika. Na mtu akishinda chini ya minazi miaka yote hiyo, masikio nayo husoma.

Ya Mek Esah yaliwasoma kindi. Mwewe akipita, kindi mmoja hubweka mara moja na shamba zima likaganda. Paka akinyatia chini, hubweka mfululizo huku wakipanda juu. Lakini akiwa nyoka hawakimbii. Hukusanyika wakamzunguka, mikia imefura, wakilia kisauti chembamba kama mlango usiotiwa mafuta, wakimsogelea yule yule awalaye. Hili la mwisho alilisoma kwa uchungu. Mwaka wake wa kwanza alikisikia kisauti hicho akacheka na wenzake, maana kwao kindi wakipiga kelele watu husema wanaoana. Akampandisha nyani wake wa kwanza, Tijah. Tijah hakushuka.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na kesho yake Pok Loh, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa anaoza binti. Wapishi walitaka nazi mia mbili kabla ya adhuhuri. Budin aliangua nazi za minazi minne vizuri. Wa tano alifika nusu, akasimama, akateremka.

"Shemeji, mkwezi wako kazeeka," alisema Pok Loh, mwenye shamba, aliyesimama naye chini. "Mpe pensheni."

"Kazeeka kama wewe, ila yeye hana kitambi."

"Haya, mpandishe basi. Masufuria yako motoni, hayana kitu."

Mek Esah akainua kamba. Hapo akakisikia kile kisauti, juu kabisa kwenye makuti. Mkono ukashuka wenyewe.

"Huu simpandishi. Hebu sikiliza kindi."

Pok Loh akacheka. "Hao wanaoana. Wamejua kwangu kuna harusi."

"Wakioana dume hubweka, tena hubweka kama kaona mwewe, wenzake wagande wasimsogelee mkewe. Hawa hawabweki, Pok Loh. Wanalia."

"Wageni mia tatu, Mek Esah. Nikimwita Che Daud na nyani wake, usije ukanuna."

"Mwite tu. Mimi nitarudi nyumbani na Budin wangu mzima."

"Hebu lete hiyo kamba nimkaripie mwenyewe."

Mek Esah akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya shambani. Akaifungua kamba kwenye ukosi, akamkabidhi shemejiye. Budin alikuwa ameukumbatia mguu wa mama huyu.

"Kamba hiyo. Vuta."

Pok Loh akabaki na kamba isiyo na mnyama. Ili asionekane mjinga, akauzunguka mnazi, akakinga jua kwa kiganja, atazame huko juu kuna nini. Akaona kindi sita. Akaona kuti moja nene, la kahawia. Kisha kuti lile likajikunja.

Alikuwa chatu, mnene kama paja. Kindi mmoja, mdogo kuliko ngumi, alimwendea, akarudi, akamwendea tena, wala hakunyamaza. Mwindaji aliyekwisha kuonekana hana tena la kuvizia. Baada ya muda wa kumaliza kikombe cha chai, chatu akateremka kwa upande wa pili akaingia majanini, akaelekea bwawani. Kindi walimsindikiza mpaka chini ya shina, bado wakimsema.

Pok Loh akaketi juu ya makumbi. "Angemkuta Budin na kamba shingoni."

"Ndiyo."

"Na mimi ningekuwa nakuambia vuta."

"Ulishaniambia."

Pok Loh akawatazama kindi. "Ile mitego yangu ya kindi," alisema, "nitaitoa leo."

Nazi zilifika jikoni zimechelewa na wapishi walinung'unika, lakini zilifika. Kabla ya kuondoka Mek Esah aliokota nazi moja iliyotobolewa na kindi, za kutupwa hizo, akaipasua kwa panga na kuiweka chini ya mnazi wa tano, nyama yake ikitazama juu.

"Unawalisha wezi," alisema Pok Loh, safari hii kwa upole.

"Ni sadaka, shemeji."

Alipoifunga tena kamba kwenye ukosi, alimshukuru Mungu kwa ajili ya Budin. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, akamshukuru kwa ajili ya Tijah. Akawasha pikipiki, na mikono miwili yenye manyoya ikamshika kiuno.