Siku Nilizokatazwa Kupaza Sauti

Kanisani kwetu watu walinijua kwa sauti. Tunakutana ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, Marshalltown, katikati ya jiji, upande huu wa Soweto, na wakati wa maombi ya pamoja, kila mtu anapoomba la kwake kwa mdomo wake wote, mimi ndiye niliyesikika hadi chini kwenye robot, pale magari yanaposubiri taa. Mwenye duka alikuwa akipanda ngazi kuja kulalamika. Mchungaji alimwomba radhi vizuri tu, lakini nilimwona akinitupia jicho la fahari, nami nikavimba kichwa. Niliamini kabisa kwamba Mungu ananisikia mimi kuliko wale wanaonong'ona kwenye viti vya nyuma. Mke wangu alikuwa mmoja wa wale wa viti vya nyuma.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na kazi yangu ni kupima na kukata. Nikishachora mstari kwa chaki, kitambaa kinafuata mstari. Nadhani niliomba vilevile. Tulikaa miaka saba bila mtoto, na mimba ilipoingia nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza kwamba anakuja mtoto wa kiume, mzima, kwa wakati wake. Kwetu mtoto akifikisha miezi mitatu huletwa mbele, na baba ndiye anayemwinua juu na kutoa shukrani mwenyewe, watu wote wakimsikiliza. Nilishaandaa maneno yangu. Nilikuwa nikiyasema peke yangu juu ya cherehani, mguu unakanyaga, mdomo unatangaza. Na suti nilishaishona: nyeupe, koti lenye bitana ya pamba laini, suruali, hata tai kidogo. Mke wangu aliitazama, akacheka, akaniuliza kama Mungu naye nilishamchukua vipimo.

Mimba ilikuwa mwezi wa saba alipoamka asubuhi ya baridi kali uso umevimba na macho hayaoni vizuri. Presha. Tulifika hospitali ya serikali jua halijapanda sawasawa, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wamemfanyia operesheni. Akatoka mtoto wa kike, kilo moja na gramu za kuhesabu, sawa na pakiti ya sukari. Mke wangu akabaki kitandani ghorofa mbili chini ya mtoto, kidonda kikaingia vijidudu, homa ikampanda, hata kuketi hakuweza.

Waliponiingiza kumwona mtoto, sikujua niangalie wapi. Alikuwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto, ngozi nyekundu, nyaya kifuani, kijibomba cha oksijeni puani. Miguu yake ilikuwa na unene wa kidole changu cha kati. Kwa mazoea ya kazi jicho langu likampima lenyewe: mkono mmoja wa ile suti ungemmeza mzima na nafasi ikabaki. Mtoto wa kiume niliyemtangaza hakuwepo popote. Nilisikia aibu, kisha hasira, na hasira ikapanda hadi kooni, na mimi hasira yangu hutoka kama maombi.

Nikanyoosha mkono juu ya kioo, nikaanza. Nilikataa, nikakemea, nikaamuru mapafu yafunguke. Mashine ikaanza kulia. Namba kwenye skrini zikawa zinashuka. Nikajua adui ameguswa, nikaongeza sauti. Sista muuguzi aliyekuwa zamu, mama mtu mzima, mfupi, viatu vyake havina mlio, alikuja mbio akanishika mkono na kuushusha. Alinisemesha kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani yake.

"Thula, baba. Nyamaza."

"Sista, ni shetani anapigana na mtoto wangu."

"Siyo shetani. Ni wewe." Akanionyesha skrini. "Nguvu aliyonayo ni ya kupumua tu. Ukimshtua anaitumia kushtuka, kisha hana ya kupumulia. Sasa tazama."

Nilinyamaza, nikatazama. Namba zilipanda taratibu, moja moja, mpaka mashine ikatulia. Sijawahi kufedheheshwa namna ile. Nilitoka nikashuka mpaka maegesho ya magari nikamalizia maombi yangu huko, kwa sauti yote, na walinzi wakaniacha, nadhani wanawaona wengi wa aina yangu.

Siku ya tano sista akaniambia mtoto amekuwa imara kiasi cha kutolewa kwenye kioo, na kwamba dawa anayohitaji sasa ni ngozi ya mzazi. Mama yake hawezi. Kwa hiyo vua shati, baba. Nilidhani ananitania. Nyumbani sikuwahi kumwona mwanamume akifunga mtoto mchanga mwilini. Hiyo ilikuwa kazi ya mama, ya shangazi, ya bibi. Wanawake watano walikuwa wameketi mle chumbani na watoto wao vifuani, wote wakageuza macho wanione nitafanya nini. Nilivua koti, nikavua sweta, nikavua shati, nikabaki na kitambi changu na vinyweleo vya mvi mbele ya mama za watu. Mmoja, mama wa Soweto aliyekaa kiti cha jirani, alicheka kwa upole akasogeza kiti chake ili nipate pa kupita.

Sista akamlaza juu ya moyo wangu, kama chura mdogo, shavu limegeuka upande. Hakuwa na uzito. Nilichokisikia ni joto kidogo, na pumzi zake, za haraka haraka, zikigusa ngozi yangu sehemu isiyozidi ukubwa wa kifungo. Nilikuwa nimehubiri mara nyingi juu ya pumzi ya Mungu ndani ya mwanadamu, nikitembea jukwaani na kitambaa cha jasho mkononi. Sasa ilikuwa inanigusa yenyewe, na sikuthubutu hata kukohoa. Niliogopa. Siyo hofu ya jambo baya. Ni ile hofu ya mtu aliyeingia chumba cha mkubwa bila kupiga hodi.

Kanga waliyonifungia ya hospitali ilikuwa ya wanawake, ikawa inateleza kila nikipumua. Jioni ile nilipitia kwenye chumba changu cha kazi, nikaichukua ile suti nyeupe, nikaifumua. Bitana ya koti, nikiiunganisha na mabaki ya kitambaa chake, ilitosha mkanda mpana wa kunizunguka mara mbili, na vipande vilivyobaki nikashona kofia ndogo sita. Kofia moja ilikuwa ya mwanangu. Nyingine niliwagawia wale kina mama, na mama wa Soweto akachagua ile niliyoikata kwenye mfuko wa koti, kwa sababu ilikuwa na mshono mzuri.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa hayo. Asubuhi cherehani, saa nne niko kwenye kile kiti, kifua wazi, mpaka jua linapozama. Kisha nilikuwa nashuka kumwona mke wangu, nampa habari. Yeye alinisikiliza amefumba macho, anauliza kitu kimoja tu: "Papa, weye uko salama?" Nilimjibu niko salama, tumwombee mtoto. Akaitikia kwa kichwa.

Usidhani nilibadilika kwa haraka. Kukaa kimya kulinitesa. Nilikuwa nagombana na Mungu ndani kwa ndani, nampangia siku, namkumbusha miaka saba, namkumbusha nani amemtumikia na nani amekaa nyuma. Mdomo umefungwa lakini roho bado inapiga kelele, na nadhani mtoto aliisikia, maana siku nilizokuja nimechafukwa, moyo wake ulikwenda mbio na mashine ikanung'unika. Sista alipita akaniangalia. "Shusha mabega, baba," alisema. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Siku ya tisa ya kumbeba, mchana, jua la baridi limejaa dirishani, kile kifungo cha joto kikakoma.

Watoto wa namna ile husahau kupumua, sista alishanieleza. Wanasahau tu, kama sisi tunavyosahau mwavuli. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja, kuona ni kingine. Nilingoja pumzi ifuatayo, haikuja. Mashine ikalia. Sista alikuwa upande wa pili, mikono yake miwili imeshika mtoto mwingine, akaniambia kutoka kule, bila kupandisha sauti, "Msugue mgongo, baba. Kwa kidole. Taratibu."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ile sauti yote, ya miaka yote, ilikuwa imefika kwenye meno, na nilijua kwamba nikiiachia nitamshtua kwa hiyo nguvu kidogo iliyobaki. Kitu pekee nilichojiona ninacho mbele za Mungu, siku hiyo kingeweza kumuua mwanangu. Nikaufunga mdomo. Nikaanza kusugua, kidole kimoja, juu na chini kwenye ule uti wake mdogo wa mgongo, na ndani yangu hapakuwa na amri wala tangazo wala ahadi. Palikuwa na maneno haya tu, nayo sikuyaandaa: Ni wako. Hakuwahi kuwa wangu. Kama unamchukua, mchukue hapa hapa, asisikie baridi.

Nikasugua. Ngozi yake ilikuwa imeanza kuwa ya majivu. Nikasugua tena.

Akashtuka kidogo, akavuta pumzi, na kile kifungo cha joto kikarudi kunigusa. Sista alifika, akaangalia namba, akanigonga bega akaondoka. Nililia bila sauti na machozi yakamdondokea kofiani. Nilikaa pale mpaka giza, na kila pumzi iliyokuja niliipokea nikishangaa, kwa maana niliona wazi kwamba haitoki kwake wala haitoki kwangu. Inaletwa. Hata yangu mimi, miaka yote ile nikidhani naivuta mwenyewe, ilikuwa inaletwa moja moja.

Lazima niseme na hili, maana nimesikia watu wakiisimulia habari yangu vibaya. Siyo kwamba nilimwachia Mungu ndipo akanilipa. Mama wa Soweto alikuwa ameachia kabla yangu; alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini chini, uso wake umetulia kuliko wangu siku zote. Wiki ileile mtoto wake alisahau kupumua na hakukumbuka tena. Walimzika na kofia yangu. Sina maelezo ya hilo, na nikimsikia mtu anayo, natoka nje.

Binti yangu alitoka hospitali akiwa na kilo mbili. Mama yake alishapona kidonda, akatembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Alipofikisha miezi mitatu tulimleta mbele kanisani, na watu walikuwa wamejipanga kusikia ngurumo. Wengine walishafunga macho kabisa. Nilimwinua juu, ngoma zikapigwa, akaanza kulia. Nikamshusha, nikafungua vifungo vya shati, nikamrudisha mahali pake. Akanyamaza. Nikasema, "Bwana, asante, ni wako," kwa sauti ambayo safu ya kwanza tu waliisikia, nikarudi kukaa. Mchungaji alimwuliza mke wangu kama naumwa koo.

Jioni ile tulikuwa jikoni. Yeye alikuwa akichambua maharage, mtoto amelala kifuani kwangu, na nikaona siwezi kuendelea kukaa na ile siku ya tisa peke yangu. Nilimweleza yote. Nikamwomba msamaha.

"Mama, alikuwa mtoto wako pia. Nilimtoa kwa Mungu bila kukuuliza."

Hakuinua macho kutoka kwenye sinia, akauliza kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu. "Ile siku ya tisa njo ulimutoa?"

"Ndiyo."

"Mi nilimutoa siku ya kwanza, Papa. Mbele banipeleke ku operesheni. Nilimwambia Mungu, huyu ni wako, akibaki ao akienda."

Siku ya kwanza, kabla hata ya operesheni. Nilikumbuka mwezi mzima nikimkuta kitandani amefumba macho, midomo inacheza.

"Sasa ile mwezi yote ulikuwa unaomba nini?"

Aliokota jiwe kwenye maharage akalitupa.

"Juu yako. Mutoto nilijua iko mu mikono ya Mungu. Weye njo nilikuwa naogopa. Nilisema, huyu akikufa, bwana yangu atagombana na Mungu mpaka atamuacha, na siye atatuacha."

Ni kweli ningefanya hivyo. Nilisikiliza maharage yakidondoka kwenye sufuria na mtoto akipumua. Siku zile zote nilizojivuna kwamba nimembeba mtoto, ghorofa mbili chini yangu kulikuwa na mtu asiyeweza hata kuketi, naye alikuwa amenibeba mimi.