Pointi za Marehemu Hazirithiwi

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta Endasak nikipalilia maharage, nikaacha jembe shambani nikapanda pikipiki kwenda Katesh. Hata hivyo nilichelewa. Wenzetu Waislamu hawakawizi maiti, na nilipofika watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, wamekaa mikekani wakizungumza taratibu. Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu saumu. Alivinunua Dongobesh akavipeleka Dar es Salaam, na mimi nilikuwa rafiki yake wa kubishana. Sitamtaja jina, maana mwenyewe asingependa. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, hata gazeti hili alilisoma kama anayekagua noti ya bandia. Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba mimi nami si mwepesi wa kuamini, lakini mbele yake nilikuwa mwanafunzi tu.

Nataka niwaambie habari ya kadi yake. Benki fulani ilimshawishi achukue kadi ya mkopo: unanunua leo, unairudishia benki mwisho wa mwezi, na kila unaponunua unapata pointi ambazo zikitosha zinageuzwa tiketi ya ndege. Sehemu ya pointi hakuisikiliza, kwani alichotaka ni kuacha kutembea na mabulungutu ya fedha njiani. Basi simu ikaanza kumletea ujumbe: hongera, pointi zako zimeongezeka. Sasa ninyi mliosoma shule za nchi hii mnajua pointi maana yake nini. Kidato cha nne, mwenye pointi saba anachinjiwa mbuzi, na mwenye thelathini na tano anatafutiwa jembe. Binti yake wa pekee alipata saba, na mtaa mzima ulikula pilau. Kwa hiyo mzee alipoona pointi zake zimepita elfu nne, na bado wanampa hongera, aliona anadhihakiwa. Alikwenda benki moja kwa moja akamwuliza dada wa kaunta, kwa upole wa mtu aliyekasirika sana, "Mwanangu, nimewakosea nini? Hata divisheni ziro ina mwisho wake."

Dada yule alicheka mpaka akaegemea kioo, kisha akamwomba radhi na kumweleza kwamba huku kwao pointi zikiwa nyingi ndiyo heri. Mtu mwingine angefurahi akaenda zake. Yeye ndipo alipoanza kushuku kwelikweli. Alikuja kwangu akauliza ni nani huyo anayetaka kumlipia nauli ya ndege wakati hawana ukoo wala ujirani, na anapata faida gani. Nilimwambia achukue mkasi aikate kadi. Alikataa, na alikuwa na sababu. Binti yule wa pointi saba ni muuguzi Songea. Ameolewa hukohuko na ndiyo kwanza alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake hakuwa amemwona tangu aondoke, kwa kuwa mama huyo ana nyonga mbovu, na basi la kwenda Babati tu linamlaza kitandani. Kwa barabara asingefika Songea akiwa mzima. Tiketi ya kununua ilikuwa haigusiki, bei ya vitunguu ikiwa imeanguka vile. Zilibaki hizo pointi.

Akaanza kuzitafuta bila kuziamini. Dukani aliuliza bei kwanza, wakikubaliana ndipo anaitoa kadi, maana alishagundua kuna maduka ambayo ukionyesha kadi bei inapanda. Alilipia dizeli, magunia na kamba, vitu ambavyo angevinunua hata kama kadi isingekuwepo. Benki ilipomtumia ujumbe kwamba akinunua televisheni mwezi huo atapewa pointi maradufu, alinionyesha akatikisa kichwa. Mkopo aliurudisha wote kabla ya siku ya riba, maana riba dini yake inaikataza, na ubahili wake ukaikataza tena. Aliniambia kwamba ukishalipa riba, hiyo tiketi umeinunua mwenyewe, tena kwa bei ya kuibiwa.

Pointi zilipotosha tiketi ya mtu mmoja, benki ikamshauri avute subira. Bado kidogo, walisema, mtasafiri wawili, kadi itapanda daraja, na uwanja wa ndege mtakaa kwenye viti vya sofa mnywe chai ya bure. Hapo ndipo alipouliza swali ambalo nadhani kaunta ile haikuwa imelisikia. Aliuliza, nikifa je? Dada akasema Mungu amwepushie mbali. Akauliza tena. Dada akaenda kumwita mkubwa wake, naye akakiri kwamba pointi ni za mwenye kadi peke yake, akifariki zinafutwa. Mzee akazigeuza zote siku ileile kuwa tiketi ya mkewe. Nilimlaumu, nikamwambia huwezi kumpakia mama wa watu ndegeni peke yake na nyonga ile, ngojeni muende pamoja. Akanijibu, "Wanaoniambia nisubiri ndio watakaobaki nazo." Tulimsindikiza shemeji mpaka uwanjani, wakampokea na kiti cha magurudumu, akaenda. Alirudi amenenepa, na picha za mjukuu zimejaa kwenye simu.

Siku hizi kila mahali tunagawiwa pointi. Mitandao ya simu inatoa, mabasi yanatoa, hata vituo vya mafuta. Mimi bado nashuku. Anayekupa kidogo kidogo na kukuambia usubiri kikubwa anajua wengi watachoka, watasahau au watakufa, na kwenye hesabu zake ameshaliweka hilo. Lakini shaka ya kukaa pembeni na kunung'unika, kama yangu, haijampeleka mtu Songea. Ya rafiki yangu ilimtoa nyumbani ikampeleka kaunta.

Juma lililofuata nilirudi kwa marehemu. Mdogo wake alikuwa ametoka benki, amefura. Fedha zilizomo kwenye akaunti walimwambia zifuate taratibu za mirathi, lakini pointi ambazo kaka yake alizikusanya tangu ile safari zilikuwa zimeshafutwa, nazo zilikuwa zimekaribia kutosha tiketi nyingine. Alitaka twende kwa mwanasheria, na mimi nikaanza kumwunga mkono kwa sauti kubwa. Shemeji yuko eda, alikuwa ndani nyuma ya pazia akitusikia.

"Shemeji," akaniita, "mwambie aache. Hizo walizofuta zilikuwa za yeye mwenyewe kwenda kumwona mjukuu. Nilimwambia panda basi, wewe una miguu. Akasema hapana, zimebaki kidogo."

Mdogo wake akatoka nje. Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu nilipoondoka pale, na linaniuma. Rafiki yangu alishuku benki, maduka, mimi na gazeti langu, na kote huko hakukosea. Kitu alichokiamini bila kukiuliza ni kwamba yeye bado ana muda. Kwa hiyo ninyi wenye mtu mnayetaka kwenda kumwona, basi la Songea linaondoka kila asubuhi.