Mstari Mmoja Juu ya Kosa

Katika karakana ile ya mashariki ya Shenyang, ambako injini za ndege za kivita zilifunguliwa, zikaoshwa na kufungwa tena, Tong Xiuwen hakuwahi kushika spana hata siku moja. Yeye alishika kalamu. Kila injini iliyonunuliwa Urusi ilikuja na kitabu chake, na humo kila saa iliyoruka na kila boliti iliyobadilishwa iliandikwa. Ilipofika wakati wa matengenezo makubwa, injini ilitiwa kwenye kreti, ikavuka mpaka kurudi kwa walioiunda, na kitabu kikaenda nayo. Kazi ya Xiuwen kwa miaka thelathini ilikuwa kugeuza Kirusi cha wale kiwe Kichina, na Kichina cha mafundi wa kwao kiwe Kirusi.

Walimwita Mwalimu Tong, ingawa hakuwahi kumfundisha mtu. Hakuolewa. Si kwamba hakuposwa. Aliposwa mara mbili, na mara zote mbili akaona mwanamume anaongea mno. Akabaki peke yake ghorofa ya tano, katika nyumba ya kiwanda aliyoachiwa na baba yake, na jirani yake Qu, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, hakumwacha apite ngazini bila utani.

"Dada Tong, leo umeongea na nani?"

"Na injini."

"Na yenyewe inajibu?"

"Inajibu, ila polepole."

Qu akacheka hadi akashika ukuta. Xiuwen hakuwa anatania. Injini zilijibu kweli, na aliyezijibia aliitwa Sazhin.

Sazhin alikuwa fundi wa karakana ya ng'ambo. Xiuwen hakuwahi kumwona wala kusikia sauti yake. Alijua tu kwamba tarakimu yake ya saba ina kamstari katikati, na kwamba akichoka herufi zake hulala. Kisha, mwaka Xiuwen alipotimiza miaka thelathini na sita, kitabu kimoja kilirudi na maneno haya: "Boliti ya kumi na nne imekazwa kwa mkono wa kushoto. Tafadhali ikaguliwe tena." Alipoyasoma kwa sauti, karakana nzima iliangua kicheko. Mrusi gani huyu anaungama kama yuko mbele ya padri? Boliti ikakaguliwa, ikakutwa imekazwa sawasawa. Xiuwen peke yake ndiye aliyejiuliza mkono wa kulia umepatwa na nini. Kuanzia hapo mwandiko wa Sazhin ulibadilika, ukalalia upande wa pili, na haukurudi tena ulivyokuwa.

Alitaka kumuuliza. Lakini angemuuliza wapi? Barua kwenda kwa mtu wa nchi nyingine, kwa mfanyakazi wa kiwanda kama kile, ilikuwa ni kujitafutia balaa. Na ndani ya kitabu hakukuwa na nafasi ya mambo ya watu. Kwa hiyo alingoja. Kila kreti iliporudi alikiacha kitabu mezani mpaka wenzake waende kula, ndipo akakifungua. Nasema wazi, maana mwenyewe hakulisema: alimpenda mtu yule, kwa namna anayoijua mtu aliyekula chakula cha jioni peke yake maisha yake yote.

Upande wa pili wa uwanja wa kiwanda, wenzao walikuwa wakihangaika na injini ya kwao. Watu walisema ndege zetu zina ugonjwa wa moyo: mwili wetu, moyo wa kununua. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kila aliyefanya kazi pale alilijua hilo. Baba yake Xiuwen alikuwa fundi wa kerezo, mchonga vyuma, na miaka kumi na minne ya maisha yake ilimezwa na injini ambayo haikupaa hata mara moja. Mradi ulipofutwa, alirudi nyumbani, akala kabichi yake iliyochachuliwa kwa tambi, akalala. Alikufa hajawahi kuisikia injini ya kwao ikinguruma juu ya mji.

Kwa hiyo siku ilipotangazwa bwaloni kwamba injini ya kwao imemaliza majaribio ya ustahimilivu bila kasoro, Xiuwen alipiga makofi pamoja na wote. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya baba yake. Wazee walikumbatiana. Msimamizi akapanda juu ya kiti akasema hawatatuma tena kreti nje, isipokuwa moja iliyobaki kwenye mkataba. Xiuwen aliendelea kupiga makofi. Furaha na huzuni zilimwingia kwa mlango mmoja, na hakujua aikaribishe ipi kwanza.

Kreti ile ya mwisho ilikuwa iondoke Machi. Xiuwen angestaafu Novemba.

Hapa lazima niseme jambo moja la desturi yao. Katika vitabu vya injini kosa halifutwi. Hakuna wino mweupe, hakuna kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja, mmoja tu, ili ulichoandika kiendelee kusomeka chini yake, kisha unatia sahihi kando. Ndege ikianguka, watu watataka kuliona hata lile ulilolijutia.

Xiuwen aliandika maelezo yote ya injini ile, halafu chini yake akaandika kwa Kirusi: "Mkono wako wa kulia unaendeleaje?" Akapiga mstari mmoja juu yake. Akatia sahihi.

Mkaguzi wa vitabu alikuwa Luan Hao, kijana wa miaka ishirini na tisa, aliyesoma Kiingereza kama wenzake wote wa rika lake. Kirusi hakujua hata salamu. Alikisogeza kitabu karibu na macho.

"Mwalimu, hii nini? Wewe umekosea?"

"Kwani mimi malaika?"

"Nimekagua vitabu vyako miaka sita, sijaona hata nukta imepinda." Akakuna kichwa. "Haya, niambie maana yake. Kila mstari lazima nieleze kwa Kichina pembeni, unajua."

"Ni swali," Xiuwen alisema. "Halikupaswa kuwa hapo."

Luan akaandika hivyo hivyo, akagonga muhuri. Kreti ikaondoka.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Ndege zenye injini ya kwao zilianza kupita juu ya mji, na Xiuwen aliposikia ngurumo alitoka kibarazani, akasimama kidogo kwa niaba ya baba yake. Qu alimletea maandazi ya mvuke akamuuliza kwa nini amekonda. Alisema ni joto.

Kreti ilirudi mwishoni mwa Oktoba. Safari hii hakuweza kungoja watu waende kula. Alikifungua kitabu palepale amesimama. Mwandiko haukuwa wa Sazhin. Ulikuwa wa mviringo, wa mtu kijana, na chini ya maelezo ya injini palikuwa na maneno yaliyopigwa mstari mmoja:

"Fundi Sazhin alifariki Januari. Mkono ulipona, ila alikuwa ameshazoea wa kushoto. Vitabu vyenu alivisoma yeye kwanza. Sisi hakutuachia."

Januari. Alikuwa amechelewa miezi miwili, baada ya kungoja miaka kumi na tisa.

Luan alikuja na muhuri wake. Akauona mstari.

"Nao wanakosea siku hizi? Nisomee, Mwalimu."

Angeweza kusema lolote, hakuna mwingine pale ambaye angejua. Lakini hakuwahi kutafsiri uongo maishani mwake, na nguvu za kuanza hakuwa nazo. Akamsomea neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyosomea vipimo vya boliti.

Luan alikivuta kitabu. Alirudi nyuma kurasa kadhaa mpaka kwenye mstari wa Machi, akautazama, kisha akamtazama yeye. Halafu akaandika pembeni kwa Kichina: "Kosa la mwandishi. Halihusu injini." Akagonga muhuri taratibu, mbali na maneno yale, yasije yakazibwa.

"Mlijuana muda gani?" akauliza.

"Hatukujuana," Xiuwen alisema. Akafunga kitabu, akampa akipeleke stoo ya kumbukumbu.