Dizeli ya Kupandia Mlima Saranda

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ukungu umelala juu ya majaruba ya mpunga ya Kintinku, nami nimeinama juu ya tangi la pikapu nikichovya kijiti kupima dizeli. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa siku nyingi. Kijiti kilitoka kimelowa ncha tu. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Ulikuwa njiani, na njia yenyewe ilikuwa na mlima.

Jumapili ulipokuja ukilalamika kwamba hilo gari lako jipya linakunywa mafuta, nilicheka moyoni. Gari halinywi, mwanangu. Linanyweshwa. Basi kaa nikusimulie, maana habari yenyewe inakuhusu kuliko unavyodhani.

Mama yako alikuwa amekwenda kwao, huko Kintinku, kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Mimi, kijana wa Ilongero, dereva wa kubeba alizeti za tajiri wa mjini, nilikuwa nimepita kumjulia hali. Alfajiri uchungu ukamshika. Muuguzi wa zahanati akatoka nje akifuta mikono, akasema mtoto amekaa vibaya, tumkimbize hospitali ya Manyoni, tena tusichelewe. Muuza dizeli wa madumu pale kijijini alikuwa ameishiwa. Kwa hiyo ama lile tone la tangini lingetufikisha Manyoni, ama tungekwama katikati ya mlima wa Saranda, ambako siku zile lilipita lori moja moja tu. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa mpaka funguo zikanidondoka.

Tukakaa watatu mbele: mimi kwenye usukani, mama yako katikati, na bibi yako mlangoni, kitenge kimemfunika nusu ya uso. Wajua desturi ya kwao: mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani, wala hawasemeshani. Tangu nioe nilikuwa sijawahi kuambiwa neno na mama yule.

Tukaondoka. Nami kwa ujana wangu nilidhani kuwahi ni kukanyaga. Nikakanyaga mafuta injini ikalia, moshi mweusi ukatanda nyuma yetu. Nikiona shimo nafunga breki, nikilivuka nakanyaga upya. Bibi yako akakohoa.

“Binti yangu,” akasema, uso dirishani, “mwambie mwenzio, mwenye maji kidogo hanawi miguu njiani.”

Mama yako akanigeukia, jasho likimtiririka. “Mama anasema mwenye maji kidogo hanawi miguu njiani.”

“Nimesikia,” nikasema.

“Anasema amesikia, mama.”

Tulikuwa tumebanana bega kwa bega, na bado maneno yalipaswa kupitia kwa mgonjwa! Leo nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nikapunguza mguu. Nikaanza kutazama mbali, na shimo nikaliona mapema, nikauondoa mguu kwenye mafuta kabla sijahitaji breki. Injini ikaacha kulia, ikawa inanong'ona. Ule moshi nao ukapotea, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikiichoma dizeli yetu na kuiachia upepo.

Mlima ukatokea mbele, wa bluu kwa mbali. Bibi yako akasema tena, mama yako akarudia kwa sauti iliyozidi kufifia: “Mama anasema, yeye na wenzake walipokuwa wanapanda huku na vibuyu vya maziwa kichwani, hawakusimama chini kuushangaa mlima, wala hawakuukimbilia. Waliufikia wakiwa tayari wanatembea. Maziwa hayamwagwi na mlima. Humwagwa na mtu akishtuka.”

Basi nikaongeza mwendo taratibu tungali tambarare, pikapu ikaupokea mlima ikiwa na nguvu yake. Ilipokaribia kushindwa nikashusha gia mapema, kabla haijaanza kutetemeka, nikauacha mwendo upungue bila kugombana nao. Mguu wangu ulitulia pale pale. Nakuambia, mwanangu, hata leo sijui kama nilikuwa macho. Kona zilikuja moja moja, jua likapenya kwenye miti, mama yako akapata nafuu kidogo, akalaza kichwa begani kwangu. Nilipotupa jicho kwenye kioo nikaliona bonde lote la Bahi limetanda chini, jeupe, kimya, halina mwisho. Nikahisi kama tunaelea. Pengine safari nzima ya maisha yangu ilikuwa ile kona moja, na mengine yote nimeyaota tu.

Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tulipokwisha kufika juu, barabara ikainama tena kuelekea korongo. Nami nikafanya ujanja tuliokuwa tukifundishana madereva vijiweni: nikatoa gia, nikaliachia gari frii, liteleze lenyewe tubane mafuta. Nilijiona bingwa. Gari likashika kasi, likazidi, nikakanyaga breki, nikakanyaga tena, harufu ya kuungua ikajaa ndani na breki ikaanza kulegea chini ya mguu wangu. Mama yako akapiga kelele, uchungu umemrudia, hakuweza tena kupokea ujumbe wa mtu yeyote.

Hapo bibi yako akafunua kitenge. Akanigeukia, akanitazama machoni.

“Mwanangu,” akaniambia, “lishike. Hata punda akiteremka na mzigo hushikwa kamba. Usiliachie.”

Nikarudisha gia. Injini ikaguna, ikalishika gari, mwendo ukapungua mpaka tukafika korongoni salama. Baadaye fundi alinieleza kwamba frii ile haiokoi hata tone: gari likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, mteremko wenyewe ndio unaoizungusha injini, lakini ukitoa gia, inabidi ichome mafuta isizime. Lakini sikuhitaji fundi. Nilikuwa nimeshaambiwa.

Tuliingia Manyoni jua limepanda. Ulizaliwa mchana ule ule, ukalia kwa hasira hadi wauguzi wakacheka. Kesho yake nilipotaka kuliwasha gari uani kwa hospitali, lilikataa. Tangi lilikuwa kavu kabisa.

Bibi yako alinisemesha kinyume cha desturi, na wazee wakataka mbuzi wa kusafisha jambo lile. Nilimtoa kwa furaha. Baada ya hapo alirudi kwenye kitenge chake na ukimya wake, mpaka tulipomzika.

Sasa shika haya, mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Pima upepo wa matairi kabla ya safari, na hiyo keria tupu ishushe kutoka juu ya gari. Ondoka polepole. Kwenye barabara kuu chagua mwendo mmoja ukae nao, hata mabasi yakupite yakikupigia honi, utayakuta mbele. Tazama mbali, uache mafuta mapema, breki iwe ya mwisho. Mlima uufikie ukiwa unatembea, na usiugombeze. Mteremkoni, mkono wako usiende kwenye frii kamwe, wala kwenye hiyo N ya gari lako la kisasa, maana ni frii ile ile. Na abiria wako akikuambia punguza, msikilize, maana huenda amevunja mwiko ili akuambie.

Mungu akutangulie kwenye kila kona usiyoiona, akubakizie tone pale utakapolihitaji, na akufikishe kwa wanaokusubiri. Nenda salama. Lishike, mwanangu. Usiliachie.