Bango Lenye Tairi za Dhahabu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mabango lilikuwa kuona aibu kumuuliza mteja, na ninalitaja mapema ili mcheke mmalize, kwa sababu mengine yanafuata.

Mama Zuhura, mwenye duka la nguo kule Mulot, alikuwa anafungua hoteli hapa Silibwet na akataka bango la kukaribisha wageni kwa Kiarabu: Ahlan wa sahlan. Mimi kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa video (Kiarabu sikujifunza hata kwa video), lakini aliniamini, akanitumia maneno kwa simu na kuniambia, "Kiprono, hii ikitoka safi, bango la duka la Mulot pia ni lako." Wiki hiyo sikulala vizuri.

Maneno yenyewe yalikuwa sawa kabisa. Ningeyabandika tu yalivyo, kazi ingekuwa imeisha. Lakini juu ya herufi kulikuwa na vialama vidogo, vile vinavyomwonyesha msomaji irabu, na nikaona vikiwa vya dhahabu bango litang'ara. Programu ya kompyuta ikakataa kuvipaka rangi vyenyewe bila herufi, basi nikavitoa kimoja kimoja, kila kimoja nikakipa kisanduku chake cha maandishi, na hapo kila kialama kikatokea kimekalia kiduara cha nukta nukta ambacho sikuwa nimekiona. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilifurahi (nilidhani ni pambo lililokuwa limejificha), nikavikuza viduara, nikavipaka dhahabu, nikavipanga juu ya herufi kwa rula mpaka nafasi zikalingana. Mama Zuhura aliomba kuliona kabla halijachapishwa. Nikamwambia ni sapraizi, lakini ukweli niliogopa ataona kasoro.

Siku ya kufungua, bango lilikuwa limefunikwa kwa leso, pilau iko tayari, majirani wamejaa hadi barabarani. Mama Zuhura akavuta leso. Wote wakainua macho. Nikafikiri wameguswa. Kisha mwendesha boda aliyekuwa anasukuma pikipiki yake akasimama, akatazama juu, akamuuliza Mama Zuhura, "Mathe, hapa mnaziba pancha?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Zuhura akanigeukia polepole.

"Kijana, hizi tairi umetoa wapi?"

"Zilikuwa ndani ya maneno, Mama."

"Maneno gani? Ebu angalia." Akaniwekea simu mbele ya pua. Herufi zilikuwa zimetulia na vialama vyake juu, hakuna hata gurudumu moja.

Ningeomba msamaha nikanyamaza. Badala yake nikapanda juu ya kreti ya soda na kalamu nene nyeusi ili nivifute viduara (kimoja kimoja, kwa mpangilio, si mnanijua), kreti ikayumba, nikashika bango, turubai lake likang'oka na kunifunika lote, nikawa nazunguka ndani yake natafuta pa kutokea huku yule wa boda akipiga kelele, "Spea imeanza kujiendesha!"

Baadaye nilisoma kumbe kwenye kompyuta kialama huhesabiwa peke yake, lakini huandikwa baada ya herufi yake na kukaa juu yake. Ukikitenga, kompyuta hukichorea kiduara kuonyesha mahali herufi ilipaswa kuwa. Yaani mashine ilikuwa inaniuliza, "Mwenye hiki yuko wapi?" nami nikalipaka swali lake dhahabu.

Nilijua bango la Mulot limeenda. Mama Zuhura akanipigia mwenyewe: "Utalitengeneza, lakini ukiwa umekaa kando yangu." Nikakaa, na kila nilipogusa kitu aliinama kwenye skrini: "Hiyo ni herufi ama ni tairi?" Watu wa boda mpaka leo wanaiita hoteli yake Kwa Pancha, na saa ya chakula cha mchana hukosi kuwaona wamejaa.

Siku hizi nikipewa maandishi nisiyoweza kuyasoma, nayabandika yalivyo, na mteja mwenyewe huyaona kabla ya mashine ya kuchapa.