Sifuri Niliyomwandikia Odhiambo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwamuzi Mkuu alinipa kalamu nene ya wino mweusi akaniuliza kama najua kuandika sifuri. Nikamwambia najua.

"Si sifuri ya daftari," akasema. "Nataka ya kuonekana kutoka mlangoni."

Nikaiandika. Akatembea mpaka mlangoni, akafumba jicho moja, akasema, "Wewe utakaa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya chesi, mimi Wafula wa Kawangware, niliyeacha shule darasa la tano. Nilikuwa nachora mabango ya saluni pale steji ya matatu ya 56, na mfanyakazi mmoja wa hoteli alipoona mwandiko wangu akanipeleka mjini, kwenye mashindano yaliyokuwa hotelini kwao. Nyinyi vijana matokeo mnayaona kwenye simu. Miaka ya tisini matokeo yalikaa ukutani. Kulikuwa na chati kubwa ya karatasi ngumu, majina ya wachezaji yameteremka upande wa kushoto, na kila raundi ina kisanduku chake. Mshindi anaandikiwa moja, aliyeshindwa sifuri, wakitoka sare kila mtu nusu. Mechi ikiisha wachezaji wanasaini karatasi ya hatua, ile wanayoandika kila kete ilikosogezwa, mimi naitoa mezani napeleka kwa Mwamuzi. Akisema "andika", naandika. Kabla ya hilo neno huruhusiwi kugusa ukuta.

Asubuhi nilikuwa napanga meza na kujaza saa. Saa ya chesi ya wakati huo ilikuwa na nyuso mbili, kila mchezaji na wake. Ukisogeza kete unabonyeza kitufe, wakati wako unasimama na wa mwenzako unaanza kutembea. Juu kuna kibendera chekundu, na kikianguka kabla hujamaliza hatua zako, umekwisha hata kama ulikuwa unashinda. Nilizijaza moja moja kwa kuzungusha ufunguo mgongoni, ukumbi ukiwa mtupu. Hapo ndipo nilipoanza kuzoea kukaa peke yangu.

Tamasha la kimataifa lilipokuja, wageni na wenyeji waliwekwa kwenye chati moja. Siku za kwanza niliwaandikia watu wetu sifuri mpaka kalamu ikaanza kukauka. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamejifunzia kwenye benchi, mechi ya haraka, watu kumi wakipiga kelele nyuma. Sasa unamweka mbele ya mtu anayeweza kukaa masaa manne bila kukohoa. Wengi walichoka kichwa kabla ya mchezo kuisha.

Wawili tu ndio walionipa kazi ya kuandika moja. Mmoja wao alikuwa Odhiambo, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Soweto, Kibera. Tulimwita Odhis. Familia yangu ilikuwa Bungoma, na Jumapili sikuwa na mtu mwingine, kwa hivyo nilikuwa natembea kutoka Kawangware mpaka kibandani kwake tucheze. Kete zake zilikuwa za plastiki, lakini ngome mbili zilipotea akaweka nati za bolti. Akikula kete yako ana maneno. "Wafula, huyu farasi wako ni wa kuvuta mkokoteni ama?" Mimi sikuwahi kumshinda hata mara moja, na sikujali.

Katibu wa tamasha, mtu anayeitwa Mulandi, alikuwa ametangaza kwamba mwenyeji atakayemaliza juu ya wenzake ndiye atakayesafiri na timu kwenda kucheza nje. Kufika raundi ya mwisho walibaki wawili, pointi zao sawa: Odhis, na Dennis, mpwa wake Mulandi. Odhis alikuwa ameshapiga picha ya pasipoti. Alinionyesha ikiwa ndani ya bahasha, amevaa koti la kuazima.

"Hii sura si ya Kibera sasa," akaniambia. "Hii ni sura ya ndege."

Siku hiyo Dennis alimaliza mapema kwa sare. Odhis akishinda, anasafiri. Alikuwa anacheza na mgeni mmoja mrefu, masta kwao, na kufika alasiri Odhis alikuwa na ngome moja zaidi. Hata mimi wa darasa la tano niliona mgeni hana njia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka meza yao, kalamu mkononi, nikingoja.

Ilikuwa zamu ya mgeni. Akainuka, akaacha saa yake inatembea, akatoka nje. Alikaa sana. Aliporudi, Odhis akafanya kitu ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya mgeni akirudi mezani. Alisimama, akanyoosha mkono, akasema, "Karibu tena, bwana."

Mgeni hakujua Kiswahili. Aliangalia mkono, akaangalia ubao, akaushika. Kisha yeye mwenyewe akasimamisha saa. Akaandika kwenye karatasi yake, akaisukuma upande wa Odhis na kuweka kidole mahali pa kusaini. Na kwenye mjengo, kazi za ujenzi, sisi tumezoea hivyo, msimamizi akiweka kidole unasaini. Odhis akasaini. Akanigeukia anacheka.

"Umeona, Wafula? Ameachilia."

Nilipochukua karatasi, niliona mgeni ndiye aliyeandikiwa moja, na Odhis sifuri.

Kwenye chesi, aliyezidiwa huwa ananyoosha mkono saa ikasimamishwa, na hiyo ndiyo maana yake, nimekubali. Odhis alijua. Lakini alikuwa amesalimia tu, na mgeni aliposimamisha saa, yeye alidhani mgeni ndiye anakubali.

Nikamwonyesha Odhis, tukaenda mezani kwa Mwamuzi Mkuu, jina lake Gathogo. Mgeni alikuwa ameshatoka, ana gari la kumpeleka uwanja wa ndege. Mulandi akaja mbio.

"Eti alikuwa anasalimia," Gathogo akamwambia.

Mulandi akacheka. "Odhiambo, hapa si harusini. Umetoa mkono, saa imesimama, na umesaini."

"Saa sikusimamisha mimi," Odhis akasema. "Na nilimwambia karibu tena. Nani hushindwa akisema karibu tena? Muulizeni Wafula, alikuwa hapo."

Gathogo akaweka miwani mezani. "Wafula. Kama alimkaribisha, hiyo ni salamu. Nitamwita mgeni arudi wamalize. Ulisikia nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mulandi akanishika bega kama ndugu. "Fikiria vizuri, Wafula. Mwakani pia kuna tamasha, na litataka mtu wa kuandika."

Odhis alikuwa ananiangalia bila wasiwasi wowote. Hicho ndicho nisichosahau, kwamba hakuwa na wasiwasi.

"Sikusikia," nikasema.

Gathogo akavaa miwani. "Andika."

Nikaandika. Ilionekana kutoka mlangoni.

Nataja majina kwa sababu hakuna mwingine atakayeyataja. Mulandi alimtaka mpwa wake kwenye ndege, na mpwa akapanda. Gathogo alijua saa ilisimamishwa na nani, lakini hakutaka kumkimbiza mgeni uwanja wa ndege, akanitwika mimi. Wa tatu ni mimi, na bila mimi wale wawili wasingeweza.

Kazi nilipewa. Miaka iliyofuata niliandika mashindano ya shule, ligi ya makampuni, matamasha mengine, chini ya makatibu watatu na waamuzi siwezi kuhesabu. Walinipa hata tai ya shingoni. Jumapili ya kwanza baada ya tamasha nilienda Soweto kama kawaida. Odhis alikuwa anachomelea geti, amevaa kile kioo cheusi cha usoni. Hakukivua. Nilikaa kwenye ndoo mpaka jioni nikiangalia cheche. Nilienda Jumapili mbili zaidi, kioo kikabaki usoni. Nikaacha kwenda. Nilisikia zile kete aliwapa watoto wa jirani.

Kompyuta zilipofika, katibu wa wakati huo akaniambia, "Mwandiko wako ulikuwa mzuri sana," nikajua nimestaafu. Niliomba kitu kimoja, ile chati ya zamani iliyokuwa imekunjwa stoo. Niko nayo hapa Kawangware. Chumba ni kidogo, kwa hivyo nimeibandika kwenye ukuta wa pekee unaoitosha, na popote nikikaa naiona.

Mwezi uliopita nilimkuta Odhis pale steji ya 56, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, amebeba vijiti vya kuchomelea. Nywele nyeupe sasa. Nikaenda mpaka mbele yake nikanyoosha mkono.

"Odhis."

Akauangalia.

"Nikikupa mkono, Wafula, utaandika nini?"

Akapita na vijiti vyake.

Kalamu bado ninayo, na hakuna wa kuniambia andika. Naandika hivi: alisimama, akanyoosha mkono, akasema, "Karibu tena, bwana." Nilisikia.